Mafuriko Yakiingia Ndani: Mwongozo Kamili wa Msaada wa Maafa na Bima kwa Mkazi wa Tanzania

Kila masika maswali ni yale yale. Serikali itatulipa? Kampuni ya bima italipa? Nianzie kwa nani? Waliouliza hivyo Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024, maji yalipofunika mashamba na nyumba, wengi hawakuwa na mtu wa kuwajibu kwa utulivu. Miezi michache kabla yao, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliuvamia mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani, na waliobaki hai walibaki na nguo walizovaa. Mwongozo huu unafuata njia nzima, tangu kabla mvua haijanyesha hadi fidia inapoingia benki. Unahusu zaidi Tanzania Bara na mafuriko, ingawa mengi yanafaa pia kwa upepo mkali na tetemeko la ardhi.

Kwanza, tofautisha fedha tatu

Neno "fidia" linabeba mambo matatu yasiyofanana, na mtu akiyachanganya atasubiri mlango usio wake.

Kuna msaada wa maafa: unga, maharage, magodoro, mablanketi, mahema, ndoo, dawa. Unatoka serikalini, kwa Chama cha Msalaba Mwekundu, kwa taasisi za dini, kampuni na watu binafsi. Huu unategemea kilichopatikana na uamuzi wa viongozi wa wakati huo, kwa hiyo usiutegemee kuwa nyumba. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, Rais Magufuli aliwaambia wananchi waziwazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Nguvu ilielekezwa kwenye shule na huduma za umma. Hanang mambo yakawa tofauti: Serikali na wachangiaji walijenga nyumba 109 kwa ajili ya waathirika. Nchi ni ile ile, matokeo ni mawili. Huwezi kupanga maisha ya familia yako juu ya kitu cha namna hiyo.

Kuna fidia ya ardhi. Hii hulipwa pale Serikali inapotwaa eneo lako kwa mradi: mthamini anakuja, anahesabu nyumba na miti, unasaini. Ndiyo waliyolipwa wakazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, waliopisha mradi wa kuendeleza bonde. Hailipwi kwa sababu maji yameingia kwako usiku wa jana.

Na kuna fidia ya bima. Hii unaidai kwa mkataba, ni haki yako, na ukinyimwa bila sababu una pa kwenda. Kwa hiyo msaada ukulishe na kukustiri wiki za mwanzo, bima ndiyo ikujengee. Zote mbili zinasimama juu ya karatasi, na karatasi nyingi zinatakiwa ziwepo kabla ya maji kufika.

Pima unapokaa kabla ya kulipia chochote

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo ina matatizo mawili kwa pamoja: kampuni ya bima inaweza kuikataa au kuitoza ada kubwa, na siku ya maafa unaweza kuambiwa ulivamia eneo hatarishi. Waliokumbwa na mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 walipewa viwanja Mabwepande ili wahame mabondeni. Baadhi walirudi kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini, na siwalaumu, lakini hadhi ya makazi yao mbele ya sheria haikubadilika.

Waulize wazee wa mtaa maji ya mwaka mbaya kuliko yote yalifika wapi. Angalia mstari wa tope kwenye kuta za zamani. Kisha hakikisha una kitu kinachoonyesha nyumba ni yako: hati ya kiwanja, leseni ya makazi, au angalau mkataba wa mauziano wenye mihuri ya serikali ya mtaa na mashahidi. Bila uthibitisho huo kampuni itauliza unadai mali ya nani. Kama unapanga, bima ya mwenye nyumba inalinda jengo lake tu. Friji, kitanda na cherehani yako unavikatia mwenyewe.

Kukata bima: soma maneno haya kabla ya kusaini

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza, kwa hiyo twende taratibu.

Bima ya nyumba nchini kwa kawaida huanzia kwenye bima ya moto. Ndani yake kuna moto, radi na baadhi ya milipuko. Mafuriko, dhoruba na tetemeko mara nyingi huongezwa: ama yameandikwa kwenye hati, ama hayamo. Usitosheke na wakala anayesema "hii inafunika kila kitu, mama." Mwambie akuonyeshe kwa kidole mstari uliotaja mafuriko. Kama unaishi chini ya mlima au kwenye mteremko, tafuta pia maporomoko ya ardhi, kwa sababu mikataba mingi huyatenga hata pale ambapo mafuriko yamekubaliwa. Yaliyotokea Katesh yalikuwa maji, tope na mawe kwa pamoja, na tukio la aina hiyo ndilo linalozua ubishi mrefu ikiwa hati inataja moja na kuacha mengine.

Jambo la pili ni thamani unayoandika. Andika gharama ya kujenga upya nyumba hiyo leo: tofali, nondo, bati, fundi. Usiweke bei ya kiwanja, bima haifidii ardhi. Usipunguze thamani ili ada iwe ndogo, kwa maana kampuni itakuhesabia ulivyojipunja. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya ni shilingi milioni 60, mwenyewe akaikatia bima ya milioni 30. Mafuriko yakaharibu vitu vya milioni 20. Anatarajia milioni 20 kwa kuwa ni ndani ya 30 zake. Kampuni inasema: umekata nusu ya thamani, tunakulipa nusu ya hasara, milioni 10. Kisha inakata sehemu ambayo mteja hubeba mwenyewe. Ikiwa sehemu hiyo ni asilimia 10 ya malipo hayo, anaondoka na milioni 9. Hakuna aliyemdhulumu, mkataba ndivyo ulivyoandikwa. Uliza sehemu hiyo ya kubeba mwenyewe ni kiasi gani hasa kwa mafuriko, kwani kwa majanga ya asili huweza kuwa kubwa kuliko ya wizi au moto.

La tatu, sema ukweli kwenye fomu. Kama maji yaliwahi kuingia mwaka 2020, andika. Mkataba wa bima unavunjika kirahisi ikigundulika mteja alificha jambo ambalo lingeibadilishia kampuni uamuzi, na majirani wataliongea tu mkaguzi akija.

Malipo yapeleke kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo uliyopewa, usiyatume kwenye simu ya wakala. Ada isipolipwa, kinga haijaanza. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki hati za bima. Hakiki yako siku hiyo hiyo, na ukiona haisomeki rudi dukani kwa wakala kabla ya kulala. Tena, usingoje Mamlaka ya Hali ya Hewa itoe "tahadhari kubwa" ndipo ukimbilie bima. Kampuni haikati bima kwa janga lililokwisha kubisha hodi, na baadhi ya mikataba ina siku za kusubiri.

Wenye magari: bima ndogo inalipa madhara uliyowasababishia wengine. Gari lako likizama Jangwani, Dar es Salaam, bima ndogo haikusaidii chochote. Bima kubwa kwa kawaida inahusika, lakini usithubutu kuwasha injini iliyoingiwa na maji. Maji yakivutwa ndani ya injini inavunjika, na kampuni inaweza kusema uharibifu huo umeusababisha wewe. Acha lilivyo, piga picha, ita gari la kuvuta.

Wenye mikopo wasidanganyike na "bima ya mkopo" inayokatwa benki. Aina iliyozoeleka inalipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Duka likisombwa na wewe ukiwa mzima, deni lipo. Kwa upande mwingine, aliyeweka nyumba rehani huenda tayari ana bima ya jengo ambayo benki iliilazimisha na yeye ndiye anayeilipia, bila kujua. Nenda ukaombe nakala. Angalia kama mafuriko yamo, na uelewe kwamba jina la kwanza kwenye malipo litakuwa la benki.

Mkulima ana njia yake

Bima ya mazao nchini imekuwa rahisi kidogo kufikika baada ya kampuni kadhaa kuungana mwaka 2023 katika umoja wa bima ya kilimo, TAIC. Wengi huipata kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au pamoja na mkopo wa pembejeo, na hukatwa kabla ya msimu.

Uliza ni ya aina gani. Kuna inayolipa baada ya mtu kuja shambani kupima hasara, na kuna inayofuata vipimo vya setilaiti au vituo vya hali ya hewa: mvua ya eneo zima ikishuka chini au kupanda juu ya kiwango kilichoandikwa, wote mnalipwa bila mtu kufika. Hiyo ya pili ni ya haraka na ya bei nafuu, ila shamba lako linaweza kusombwa na mto huku vipimo vya eneo vikionyesha mvua ya kawaida, na ukakosa. Mkulima wa bondeni, ambaye adui yake ni mto unaofurika kwa mvua iliyonyesha mbali huko juu, aulize swali hili kwa sauti kwenye mkutano wa ushirika.

Daftari la mali

Tenga nusu siku ya Jumapili. Simama mlangoni mwa kila chumba, rekodi video ukigeuka polepole huku ukitaja kila kitu. Kisha sogea karibu: nyuma ya friji kuna kibandiko chenye modeli na namba, kipige picha isomeke. Fanya hivyo kwa televisheni, pampu ya maji, mashine ya kusaga, cherehani. Risiti za EFD hufifia wino wake baada ya muda, hivyo zipige picha siku unayonunua. Mwenye duka aongeze kuhesabu stoo kila mwisho wa mwezi na kusaini karatasi hiyo kwa tarehe. Dai la mzigo wa milioni 15 lisilo na daftari linabaki kuwa maneno.

Tuma vyote kwenye baruapepe yako na kwa ndugu mmoja anayeishi mkoa mwingine. Nakala ya hati ya bima, kitambulisho cha NIDA na karatasi za nyumba viende humo humo. Halisi ziweke kwenye mfuko wa nailoni mgumu, juu, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tano anajua pa kuchukua.

Siku yenyewe na saa 48 zinazofuata

Watu kwanza. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Zima umeme kwenye swichi kuu kama unaweza kuifikia ukiwa pakavu, vinginevyo usiiguse.

Maji yakishapungua, kila mtu anatamani kufagia tope. Ngoja nusu saa. Piga picha ya mstari wa maji ukutani ukiwa umesimamisha kitu kinachojulikana urefu wake, kama futi ya fundi au mlango. Piga picha za nje zikionyesha nyumba pamoja na ya jirani, ili eneo litambulike, kisha kila kitu kilichoharibika kikiwa pale pale kilipokutwa. Baada ya hapo safisha, na safisha kweli, kwa sababu mkataba unakutaka upunguze hasara: toa magodoro yaliyolowa, funika paa kwa turubai, okoa kinachookoka. Gharama za turubai na vibarua ziandike, nyingine hurudishwa. Usitupe vitu vikubwa kabla mkaguzi hajaviona. Kama vinanuka na lazima viondoke, mwombe mtendaji wa mtaa au mjumbe ashuhudie na asaini orodha.

Ijulishe kampuni siku hiyo hiyo kwa simu, kisha kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp kwa namba yao rasmi. Taja namba ya hati, tarehe na saa, kilichotokea, na mahali. Usikadirie hasara kwa papara, andika tu "makadirio yatafuata."

Kuandikishwa kwa msaada

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa tangu ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Wilayani mwenyekiti ni Mkuu wa Wilaya, na kitaifa uratibu uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Zanzibar kuna Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Lakini jina lako linaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, linakwenda kwa mtendaji, kata, halafu wilayani. Likikosewa chini, huko juu hakuna wa kulirekebisha.

Nenda mwenyewe, usitume mtu. Taja kila anayelala nyumbani kwako: wajukuu, mgonjwa, mama mjamzito, mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye anahesabika kama kaya yake. Hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, pamoja na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, kwa kuwa fedha zikija kwa simu zitarudi zikikuta jina lisilolingana. Omba kuona mstari wako kwenye orodha na uupige picha. Wajane na wanawake ambao waume wao wako safarini husahaulika sana hapa, kaya ikiandikwa kwa jina la mwanamume ambaye hayupo kusaini. Msikubali, aliyepo ndiye aandikwe.

Kuandikishwa ni bure. Anayeomba "ya soda" ili jina lako lipande, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa 113.

Kupokea msaada hakukuzuii kudai bima, wala kuwa na bima si sababu ya kunyimwa unga wa siku tatu. Waliopotelewa na vitambulisho na vyeti wachukue taarifa ya upotevu polisi mapema, itatakiwa NIDA, benki na kwenye kampuni ya bima pia. Wanachama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wasisahau mfuko wa jamii. Ni kiasi kidogo, lakini mara nyingi ndicho cha kwanza kufika mkononi.

Kufuatilia madai ya bima

Jaza fomu ya madai na ambatisha hati, picha, daftari la mali, risiti, na makadirio ya mafundi wawili yenye majina na simu zao. Chukua barua ya mtendaji wa mtaa au kata inayothibitisha mafuriko ya tarehe hiyo. Kampuni nyingine huomba pia taarifa ya mvua kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kila karatasi unayokabidhi, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa "imepokelewa" na tarehe.

Mkaguzi wa hasara analipwa na kampuni, ingawa anatakiwa kutenda haki. Kuwa naye hatua kwa hatua. Mwonyeshe vilivyojificha: waya ndani ya ukuta, milango ya mbao iliyovimba, msingi uliochimbwa upande wa nyuma, shimo la choo lililofukiwa. Akikuuliza nyufa za ukutani ni za lini, jibu kweli. Uchakavu wa zamani haulipwi, na ukiubandika kwenye mafuriko utaharibu na dai lililo halali.

Itakuja karatasi ya kusaini kwamba umeridhika na malipo. Hiyo ndiyo karatasi nzito kuliko zote. Ukishaisaini, kwa kawaida umefunga mlango wa kudai zaidi kwa tukio hilo. Kama kiasi hakikubaliki, usisaini. Omba mchanganuo kwa maandishi: hasara waliyokubali, walichokata kwa sababu ya thamani pungufu, na sehemu unayobeba mwenyewe. Mara nyingi kosa linaonekana hapo hapo, chumba kimesahaulika au kitu kimehesabiwa kwa bei ya zamani.

Kampuni ikikataa au ikikaa kimya, andika malalamiko rasmi kwa uongozi wake na uweke tarehe ya kutaka majibu. Wasipokuridhisha, peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ambaye yupo kwa ajili ya mteja wa kawaida asiye na wakili, au ulalamike TIRA, wenye ofisi pia za kanda. Nenda na faili lako zima likiwa limepangwa kwa tarehe. Mahakama bado ipo, ila anzia kwa hawa kwanza.

Wakati madai yanaendelea, deni la benki halilali. Andika barua kabla tarehe ya rejesho haijafika, ambatisha picha na barua ya mtaa, uombe marejesho yapangwe upya. Mkopaji aliyejitokeza mapema anasikilizwa tofauti na aliyezima simu kwa miezi mitatu. Wenye biashara wawaeleze TRA pia kwa maandishi kwamba mzigo umeharibika, ili makadirio ya kodi ya mwaka huo yaangaliwe upya, na risiti za bidhaa zilizopotea zisiachwe nyuma.

Fedha zikishaingia

Jambo moja husahaulika karibu na kila mtu. Baada ya kulipwa, kiasi cha bima kilichobaki kinaweza kuwa kimepungua kwa kadiri ulivyolipwa. Nyumba ya milioni 60 iliyolipwa milioni 20 masika inaweza kuingia vuli ikiwa na kinga ya milioni 40 tu, na hesabu ya kujipunja ikakukuta tena bila wewe kupunguza chochote. Iombe kampuni irejeshe kiasi chote, ulipie nyongeza ya ada kwa muda uliosalia, na upate karatasi inayoonyesha hivyo. Ukijenga upya kwa msingi ulioinuliwa au mtaro mpya, wape picha na risiti za kazi hiyo pamoja na ombi lako la kufikiriwa ada upya. Na kama mvua za vuli kwenu huanza Oktoba, maliza yote haya Septemba.